Kilo 94, dakika moja tu ya kukimbia nataka kuzimia. Nakosea wapi wakuu?

#1 Kitambi_Tabata (mleta uzi)

Wakuu salama?

Wiki iliyopita niliikimbilia daladala pale Tabata Bima. Sio mbali, labda mita 60. Konda aliniona, akagonga bati gari lisubiri, na bado sikufika. Nilishika nguzo ya taa nikawa nahema kama mbuzi wa mnadani. Konda akachungulia mlangoni: "Mzee tulia, nyuma kuna lingine." Mzee! Nina miaka 36.

Nikajiapiza. Jumatatu nimeamka saa 11 alfajiri, nimevaa raba, nimetoka. Mlinzi kanifungulia geti kwa heshima zote, nikachomoka. Kufika duka la Mangi, ambapo hata ukitambaa haizidi dakika tano, kifua kinawaka, ubavu wa kulia kama kuna mtu anachokoa na kisu, mate mazito. Nikageuza, nikarudi natembea. Mlinzi akaangalia saa yake, akaniuliza: "Bosi, umesahau kitu?"

Jumanne nikarudia, Jumatano nikarudia, yale yale. Alhamisi ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume.

Sivuti sigara, presha nimepima iko vizuri, kazi yangu ni ya kukaa. Sekondari nilikuwa napiga mchakamchaka kila asubuhi, tena huku naimba, na sikumbuki kuchoka hivi. Hii pumzi inatafutwaje? Kuna namna ya kuvuta hewa, au kuna kitu cha kunywa?

#2 Fundi_Maiko

Uzi bila picha ya kitambi haunogi. Tunasubiri.

#3 Babu_wa_Lami

Mleta uzi, huna tatizo la pumzi. Una tatizo la haraka. Unaanza kama Filbert Bayi pale Christchurch 1974. Tofauti ni kwamba yeye alichomoka mbele tangu mwanzo akamaliza mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Wewe umeishia kwa Mangi.

Fanya hivi. Tembea kwa haraka dakika 5. Halafu kimbia dakika 1, tembea dakika 1 na nusu, rudia mara 8. Hizo ni dakika 20. Kisha tembea urudi nyumbani ukaoge. Mara tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pumzika. Sijabuni mimi, ni mpango wa wiki 9 ulioandikwa na Mmarekani mmoja, Josh Clark, mwaka 1996, na watu wasiohesabika wameanzia hapo. Kila wiki dakika za kukimbia zinaongezeka, za kutembea zinapungua, mwisho unakimbia nusu saa bila kusimama.

Sasa sikiliza kitu kimoja tu, mengine yote ukisahau nitakusamehe. Hiyo dakika ya kukimbia, kimbia POLEPOLE mpaka uone aibu. Kipimo changu ni Baba Yetu. Isali kwa sauti ya kawaida huku unakimbia, kuanzia mwanzo mpaka amina. Ukikatika katikati ya sentensi kutafuta hewa, punguza mwendo. Kama ni Muislamu, Alhamdu inatosha.

Kinachokuchoma ubavuni ni kichomi cha kawaida. Kikija, tembea, bonyeza hapo kwa vidole huku unatoa pumzi yote nje, kitaondoka. Na usikimbie umetoka kushiba.

Mchakamchaka hukuchoka kwa sababu mlikuwa mnaimba. Ukiimba huwezi kwenda mbio. Walimu wetu walikuwa na akili kuliko tulivyodhani.

#4 Mnyama_wa_Gym

Babu anakupotezea muda na kutembea tembea. Vaa koti zito, ndani jifunge nailoni tumboni, kimbia jua likiwa limetoka. Mimi nilikata kilo 2 siku moja.

#5 Mama_Kulwa

Mnyama, hizo kilo 2 ni maji. Ukinywa jagi moja zimerudi zote, sasa umekata nini? Mimi ni nesi, na kitu hiki kinanikera kwelikweli kwa sababu nimewapokea watu wa koti wakiwa wamebebwa.

Jasho linakupoza pale linapokauka mwilini. Kwa unyevu wa Dar hata ukiwa na fulana nyepesi linakauka kwa shida, linachuruzika tu. Ukijifunga nailoni umeziba njia yote, joto linabaki ndani na linapanda. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka: hapo sio mazoezi tena, hapo ni kivuli, maji mwilini na hospitali haraka.

Mleta uzi, saa 11 alfajiri uliyochagua ndiyo saa yenyewe. Na wengine mnaosoma kimyakimya: mwenye presha, sukari, aliyewahi kuambiwa ana moyo, au anayebanwa kifua akipanda ngazi, aanzie kwa daktari kwanza. Ukikimbia kifua kikabana, au ukaona giza, hatusemi "nijikaze kidogo". Unasimama.

#6 Msee_wa_Iten

Mimi niko huku Iten, Kenya. Sio mwanariadha, nauza duka, lakini nawaona kila siku. Watu hudhani hawa mabingwa hutoka mbio asubuhi kama wanafukuzwa. Wapi! Wakitoka kwa ile mazoezi rahisi, kilomita za kwanza wanaenda kama watu wa kusindikiza jeneza. Wanapiga stori. Mara ya kwanza nilijiambia hata mimi naweza, nikajiunga nyuma. Nilikaa nao kama dakika saba, halafu wakaanza kuongeza kidogo kidogo, sikuwaona tena mpaka kesho yake.

Pia huku ni mita 2400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Wewe huko Dar una hewa tele, shukuru.

#7 Kitambi_Tabata

Mrejesho wiki ya 2.

Babu nimekusikiliza. Naenda polepole kiasi kwamba jana nilipitwa na mama wa maandazi. Sio kwamba alikuwa anakimbia. Anatembea, ndoo kichwani, anaongea na simu. Akanipita, akageuka, akaniambia "pole baba", akaendelea na simu yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ila Baba Yetu ninaifikisha! Kila mara. Wiki iliyopita nilikuwa nakwama kwenye "utupe leo". Na jana nilivyorudi mlinzi hakuuliza kitu, kaangalia saa tu.

Swali la leo ni viatu. Hizi raba zangu ni za kuendea harusini na kwenye send-off, chini ngumu kama ubao. Dukani naambiwa laki tatu, laki nne. Ndugu zangu, laki nne?

#8 Kijana_Karume

Njoo mtumbani Karume mkuu, mapema, siku fungu jipya limefunguliwa. Zangu za kukimbilia nilichukua kwa elfu 40 baada ya kubishana nusu saa. Ila jua kuangalia. Weka kiatu juu ya kitu kilichonyooka ukitazame kwa nyuma: kikilala upande, mwenye nacho wa kwanza alishakimaliza. Bonyeza ile soli ya katikati kwa dole gumba, inatakiwa ibonyee na irudi. Ikiwa imekauka kama mkate wa juzi, achana nayo hata kama juu inang'aa. Mkorogo wa mtumba ni kuoshwa na kupakwa rangi, usidanganyike na weupe.

Na vaa ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole. Mguu unavimba ukikimbia.

#9 Fundi_Maiko

Viatu vya nini nyie? Abebe Bikila alikimbia marathon ya Olimpiki Roma 1960 peku, akashinda. Wazungu wanatuuzia sifongo.

#10 Babu_wa_Lami

Maiko, Bikila alizoea peku. Mleta uzi kavaa moka za shule tangu darasa la kwanza, tena ana kilo 94, na Tabata kuna vifuniko vya soda na misumari. Halafu malizia hadithi: Tokyo 1964 Bikila alivaa viatu, akashinda tena.

Kiatu hakikufanyi ukimbie, lakini kibovu kitakusimamisha. Elfu 40 ya Karume inamtosha kabisa.

#11 Bint_Segerea

Samahani nauchepusha uzi kidogo, maana naona ushauri wote ni "toka saa 11 alfajiri" kama vile wote tunaosoma ni wanaume.

Saa 11 mtaani kwetu ni giza. Kuna mbwa, kuna vibaka, na kuna bodaboda wa kijiweni ambao usiku wamekesha na midomo bado haijalala. Nilianza peke yangu mwezi mmoja, nikaacha. Sio kwa uchovu. Nilikuwa nimechoka kutukanwa maumbile yangu kabla jua halijatoka.

Kilichonirudisha: tuko watatu, mimi, jirani na shemeji yake. Tunakimbia kwenye uwanja wa shule ya msingi, tuliongea na mwalimu mkuu na mlinzi wa pale. Ni kuzunguka tu, inachosha akili, lakini hakuna gari wala kijiwe. Kutoka nyumbani navaa dera juu, nikifika navua nalining'iniza kwenye goli. Spika za simu masikioni siweki kabisa, nataka kusikia nani yuko nyuma yangu.

Na jamani, sidiria ya mazoezi sio anasa. Kabla ya raba mpya nunueni hiyo. Nilikimbia wiki tatu na ya kawaida, mabega yalichubuka mpaka nikawa nalala chali.

#12 Mama_Kulwa

Bint umeongea. Naongeza: kwa waliojifungua karibuni msikimbilie kukimbia. Anzeni kwa kutembea, ukienda kliniki uliza. Mwenye mshono wa operesheni ndiyo kabisa. Na kuchubuka mapajani, ambako hakuna mtu anakusema, ni mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Hata wanaume, msijifanye hamchubuki.

#13 Mnyama_wa_Gym

Dah, hilo la Bint sikuwahi kuliwaza. Kijiweni kwetu nitaongea na jamaa.

#14 Kitambi_Tabata

Wiki ya 4 na nimekwama.

Pumzi imekuja, sikutegemea. Sasa nakimbia dakika 5 kwa mpigo. Kwa hiyo nikaona huu mpango unanichelewesha, nikaongeza siku, nikawa natoka mara tano kwa wiki, na Jumamosi nikaunga na kikundi cha jogging cha mtaani. Fulana sare, filimbi, nyimbo, tukaenda mpaka Buguruni na kurudi, mwisho supu na chapati nne. Ile supu peke yake imefuta mwezi mzima, lakini raha yake siwezi kueleza.

Sasa mbele ya mguu, kwenye ugoko, kunauma. Miguu yote miwili. Nikianza kukimbia kunauma, nikipata moto kunapungua, usiku kunarudi. Nijikaze au?

#15 Mama_Kulwa

Usijikaze.

Moyo na mapafu vinazoea upesi, wiki chache tu unasikia tofauti. Misuli nayo inafuata. Mifupa na kano zinachukua miezi. Yaani pumzi yako imeshafika Morogoro, mifupa bado iko stendi inatafuta tiketi. Ndiyo maana wanaoanza huumia hasa pale wanapojiona wamekuwa vizuri.

Jipime. Pitisha kidole kwenye ugoko kutoka juu kwenda chini. Kama maumivu yametanda sehemu ndefu, hasa upande wa ndani, mara nyingi ni uchovu wa misuli na mfupa kulalamika: pumzika wiki, weka barafu iliyofungwa kitambaa, rudi hatua moja nyuma kwenye mpango. Lakini kama kuna sehemu moja, ukubwa wa sarafu, ukigusa unaruka, au unauma hata umelala, hiyo ni ya kwenda kupiga picha. Mfupa unaweza kuwa na ufa. Kijana wangu mmoja aliambiwa hospitali fulani ni baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu, akaendelea kukimbia juu ya vidonge. Alikuja kutembelea magongo.

Na vidonge vya maumivu ili ukimbie ni kuzima kengele huku nyumba inaungua. Usinywe.

#16 Babu_wa_Lami

Angalia na hatua zako. Wengi wenye uzito wanarusha mguu mbele, kisigino kinagonga lami paa paa paa, unamsikia mtu kabla hujamuona. Fupisha hatua, mguu utue chini yako, sio mbele yako. Jisikilize: ukikimbia kimya unakimbia vizuri. Na ukipata njia ya vumbi iliyoshikana, pita huko badala ya lami.

Siku ni tatu. Nilisema tatu.

#17 Kitambi_Tabata

Maumivu yametanda, sio sehemu moja. Nimepumzika siku 9, nimerudi wiki ya 3. Inauma kurudi nyuma kuliko ugoko wenyewe.

#18 Mie_wa_Muscat

Salamu kutoka Muscat, asili yangu Unguja. Nyie mwalilia joto la Dar? Huku mwezi wa saba mchana lapita digrii 40, na usiku unyevu wa baharini juu yake. Sie twatoka saa nne za usiku, twakimbia karibu na maji, na bado kila baada ya dakika kumi natembea. Nilichojifunza: siku ya joto usitazame umbali, tazama dakika. Ukisema nakimbia dakika 20, mwili wenyewe utachagua mwendo. Ukisema nakimbia kilomita 3, utajiua kuzimaliza.

Na Ramadhani mie nakimbia nusu saa kabla ya futari, polepole mno, ili nikimaliza maji yawe mbele yangu. Wengine wangoja baada ya tarawehi. Lakini mchana wa saa nane na saumu, sithubutu.

#19 Kitambi_Tabata

Wiki ya 5 kwenye mpango (ya 8 kwa kalenda, kwa sababu ya ugoko).

Babu mbona hukunitahadharisha? Siku ya kwanza ya wiki hii ni dakika 5 mara tatu. Sawa. Siku ya pili dakika 8 mara mbili. Sawa. Siku ya tatu: dakika 20 bila kusimama! Huyu bwana Clark alikosea kuchapa au?

#20 Babu_wa_Lami

Hahaha, nilikuwa nakusubiri hapo. Kila mtu huja kulia kwenye siku hiyo. Hakukosea. Nenda, anza polepole kuliko siku zote, Baba Yetu mkononi. Ukishindwa, rudia wiki. Hakuna mwalimu wa zamu.

#21 Kitambi_Tabata

NIMEMALIZA. 20 zote. Nilizunguka hadi Kimanga na kurudi. Dakika ya 11 nilitaka kuacha, nikaona mama wa maandazi kwa mbele, nikasema leo hapana. Nilimpita! Kwa tabu, mita kwa mita, lakini nilimpita, nikamwambia "pole mama". Kacheka mpaka ndoo ikayumba.

Mlinzi ananiambia, "Bosi leo nilitaka kumpigia simu mama, nikajua umepata ajali."

#22 Kijana_Karume

Sasa jiandikishe mbio mkuu. Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuna Kilimanjaro Marathon, na sio lazima ile 42, kuna na ya kilomita 5. Au hizi za hisani za hapa Dar, karibu kila mwezi hazikosekani.

#23 Kitambi_Tabata

Naogopa kuwa wa mwisho. Kweli kabisa, ndiyo inanizuia.

#24 Babu_wa_Lami

Mtanzania anaogopa kuwa wa mwisho? John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, marathon ya Olimpiki Mexico 1968. Alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeingia, watu wengi wameshaondoka. Waliomaliza walikuwa 57, yeye wa 57. Leo hapa kijiweni taja aliyekuwa wa 20.

Nenda.

#25 Mnyama_wa_Gym

Na Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, Tokyo Septemba 2025 kachukua dhahabu ya dunia ya marathon kwa kumzidi Mjerumani kwa kifua tu, muda wao ukaandikwa sawasawa, 2:09:48. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

#26 Kitambi_Tabata

Mrejesho wa kilomita 5, Jumapili iliyopita.

Wakuu nimewaangusha. Miezi mitatu mnaniambia polepole, polepole. Nimepanga mstari nyuma kabisa, nimesali, nimetulia. Honi ikalia, watu elfu na kitu wakachomoka, muziki unapiga, na mimi nikachomoka nao. Kilomita ya kwanza dakika 5 na sekunde 40! Sijawahi maishani. Kilomita ya pili kichomi kile kile cha kwa Mangi kikarudi, nikakitambua kama ndugu. Nikatembea. Akanipita bibi mmoja amevaa dera na raba nyeupe, mjukuu mkononi. Nikatembea karibu kilomita nzima, nikaanza upya kwa mwendo wangu wa Tabata, nikamaliza dakika 41.

Sikuwa wa mwisho. Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi tu, wengine wanapiga picha.

Uzito ni 89. Zimetoka tano, na nadhani zaidi ni kwa sababu ukijua kesho unatoka saa 11 unaona aibu kula chipsi mayai saa 4 usiku.

#27 Bint_Segerea

Hongera sana. Yule bibi anaitwa nani, tunamtaka kwenye kikundi chetu.

#28 Babu_wa_Lami

5:40 na kilo 89. Bayi mwenyewe. Rudi kwenye dakika 30 zako, mara tatu, mwezi mzima, na usiguse saa.

#29 Mgeni_Mbagala

Habari zenu, nimeusoma uzi wote usiku huu. Nina kilo 102. Nataka kuanza kesho. Ila kesho ni Jumanne, nisubiri Jumatatu?

#30 Kitambi_Tabata

Usisubiri. Dakika 1, tembea 1 na nusu, mara 8. Na mwambie mlinzi wako mapema.

#31 Mgeni_Mbagala

Sina mlinzi, nina mama mwenye nyumba.

#32 Kitambi_Tabata

Huyo ni mbaya zaidi. Kata na kucha za vidole gumba kabla hujalala, yangu moja imekuwa nyeusi tangu Jumapili na naona inataka kung'oka. Mama Kulwa, hii niivute au niiache?

#33 Mama_Kulwa

Iache! Itaanguka yenyewe, chini kuna nyingine inaota. Na hicho kiatu ni kifupi, mrudishie Kijana wa Karume.